Sura ya Saba: Kikombe cha Mkono wa Kushoto

Linet alikuwa ameinamisha kichwa kama mwenye hatia, na hakuna aliyekuwa amemshtaki kwa lolote. Inspekta Kaluki aliliona hilo mara tu alipoingia studio. Alivuta kiti cha plastiki akaketi karibu na mlango, ili atakayetaka kutoka ampitie yeye kwanza. Konstebo Mutiso aliachwa nje kwenye ngazi.

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati huko Mumbuni. Palikuwa na pazia la kupigia picha za pasipoti, taa mbili za mwavuli, na kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja ili ipate hewa, feni ikiipulizia kama mgonjwa. Mwenye studio, Muthoka, alikuwa mtu mnene wa maneno mengi. Ndiye aliyekuwa akirusha droni kwenye sherehe, na Linet ndiye aliyezikata na kuziunga video.

"Madam, video si mko nayo?" Muthoka alisema. "Tangu jana mko nayo. Sasa ni nini tena?"

"Mlimpatia nani?"

"Si nyinyi polisi?"

"Sisi tuliletewa na Kioko, kwa flash. Nimekuuliza nyinyi mlimpatia nani."

Muthoka alimgeukia Linet. Linet aliiangalia kibodi.

Video yenyewe ilikuwa fupi, na kesi nzima ilikuwa imeiegemea. Abdishakur Gelle, mfanyabiashara wa mifugo wa Machakos mjini, alipeleka mbuzi wa ntheo kwenye boma moja Mwala siku ya Jumamosi, wale mbuzi ambao wasipofika, ukoo wa msichana hautambui kwamba kuna ndoa. Aliwashusha, akapewa chai, akaondoka na pikapu yake nyeupe. Nyumbani hakufika. Simu yake ilikuwa imezimwa. Leo ilikuwa Jumanne, na kama mtu huyo alikuwa amefungiwa mahali bila maji kwenye jua la Mwala, basi alikuwa anaisha wakati polisi wanakunywa chai na kushauriana.

Droni ilimnasa akipokea kikombe kutoka kwa msichana mmoja, akanywa, akaingia garini, na pikapu ikatoka getini ikakata kushoto. Kushoto ni kupanda kwenda barabara ya lami na Machakos. Kwa hiyo msako wote ulikuwa huko. Polisi walikuwa wamefukua mitaro na mashamba ya katani upande wa lami, wakafika hadi kwenye machinjio ya Athi River. Tena walikuwa na mtu wa kumtafuta, kwa sababu Abdishakur alionekana akiingia kwa mlango wa kushoto, upande wa abiria. Ina maana kulikuwa na mtu mwingine kwenye usukani. Dereva asiyejulikana. Kaluki mwenyewe ndiye aliyeandika maneno hayo kwenye faili, akayapigia mstari, na akajiona ana akili.

"Nataka ile iliyotoka kwenye droni yenyewe," alisema sasa. "Nakala ya flash haiwezi kusimama kortini peke yake. Lakini kwanza mtaangalia hii, mniambie kama ndiyo yenu."

Alimpa Linet flash. Kwenye skrini lilitokea boma kutoka juu, hema jeupe, watu wamejaa uwanjani. Mbuzi walilia kwenye spika: meee, meee. Muthoka alikunja uso.

"Hiyo sauti imetoka wapi?"

"Sauti gani?"

"Hao mbuzi. Madam, droni hairekodi sauti. Haina masikio. Hata ungeipatia masikio, ingesikia tu mapanga yake ikizunguka." Alicheka. Alicheka peke yake.

Kaluki alimtazama Linet. Video hiyo alikuwa ameitazama kituoni mara nyingi mno, na kila mara wale mbuzi walikuwa wakilia, na hakuna polisi hata mmoja aliyejiuliza chombo kilichoko juu hewani kimewasikiaje.

"Ni mimi niliweka," Linet alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Video ya droni bila sauti, wateja wanasema imekufa. Niko na mlio ya mbuzi, ya ng'ombe, na ya vigelegele. Naweka tu. Ni mazoea."

"Kwa hivyo hii ilipita kwa mikono yako."

"Ndio, madam."

"Nani alikuambia uitengeneze?"

"Kioko. Alikuja Jumapili, boss akiwa kwa harusi Kitui. Alisema familia ya mzee Gelle wanataka kuona vile gari iliondoka. Nikamkatia hapo tu, nikamtumia kwa simu."

Hapakuwa na ajabu yoyote katika hilo. Kioko alikuwa dalali wa Abdishakur upande wa Mwala, mtu wake wa karibu. Tangu Jumamosi alikuwa hajalala. Ndiye aliyeripoti, ndiye aliyeleta flash, ndiye aliyekuwa akimwendesha Sucdi, mke wa Abdishakur, kutoka kituo hiki hadi hospitali ile. Kaluki alikuwa amemwambia mbele za watu kwamba marafiki wa namna hiyo wamebaki wachache.

"Yako bado uko nayo? Ile uliyomtumia?"

"Iko hapa."

"Ifungue kando ya hii ya flash. Zote zicheze pamoja."

Linet alizipanga kwenye madirisha mawili, moja kushoto, moja kulia. Akabonyeza. Mbuzi wale wale walilia mara mbili kwa pamoja. Hema lilikuwa lile lile, vumbi lile lile, na msichana yule yule alikuja na kikombe.

Katika video ya Linet, Abdishakur alikipokea kwa mkono wa kulia.

Katika video ya polisi, alikipokea kwa kushoto.

"Aiya," Muthoka alisema. "Imegeuzwa. Hiyo ni kugeuza tu, kama kwa kioo. Hata simu inafanya, unabonyeza mara moja."

Kaluki alikuwa amekumbuka ofisi yake asubuhi hiyo: Sucdi amekaa mbele ya skrini, shungi lake limelowa pembeni kwa machozi, na Kioko amesimama nyuma ya kiti chake na kofia yake nyekundu mkononi, kwa heshima. Video ilipofika kwenye kikombe, Sucdi alisema, "Huyo si mume wangu. Abdishakur hanywi kwa kushoto, wallahi. Hata akiwa mgonjwa. Hata watoto wangu hawawezi." Kioko akamgusa bega taratibu, akasema, "Mama amechoka." Naye Kaluki akaamini kwamba mama amechoka. Kwenye faili akaandika kuwa mke ameshindwa kumtambua mumewe.

Sasa aliitazama tena video ya Linet. Abdishakur alizunguka gari akaingia kwa mlango wa kulia, penye usukani, kama dereva yeyote wa Kenya. Hapakuwa na dereva mwingine. Hajawahi kuwapo. Polisi walikuwa wamemtafuta mtu aliyezaliwa kwenye simu. Na pikapu ilipotoka getini ilikata kulia.

"Kulia kunaenda wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa amefika boma lile na alijua.

"Chini kwa mto," Muthoka alisema. "Kwa ile dam ya mchanga, ile inazuia maji ya mto. Hakuna kitu huko, madam. Ni miiba na mbuzi."

Video ya Linet iliishia hapo, gari likianza kuteremka. Kaluki alimwita Mutiso aingie, akamwambia afunge mlango.

"Nataka yote iliyobaki," alisema.

Muthoka alipanguza jasho. "Hapo ndio kuna shida. Mimi nilinunua droni mpya mwezi uliopita. Inarekodi kwa mfumo mpya, H.265, biti kumi, picha safi sana. Lakini kompyuta ni ile ile ya zamani, na programu ya kueditia ni ya zamani. Nikiweka faili, naona weusi tu. Mara inasema haitambui. Hata ntheo yote bado hatujaediti, wenyewe wananitukana kila siku kwa simu."

"Na hii ya Linet ilifungukaje?"

Linet aligeuza kiti. "Hiyo droni inatoa faili mbili, madam. Kubwa, na nakala ndogo ya kuangalia haraka. Ndogo inafunguka kwa kila kitu. Nilikata kutoka kwa hiyo ndogo."

"Basi nipe hiyo ndogo."

"Nilifuta."

"Kwa nini?"

"Kioko aliniambia. Alisema ni mambo ya familia, isionekane Facebook. Alisimama hapa, nyuma ya kiti, akangoja mpaka nikafuta." Sasa alikuwa akilia bila kelele. "Halafu akauliza ile kubwa. Nikamwonyesha. Ilikuwa nyeusi tu. Nikamwambia imekufa. Akauliza tena, una uhakika imekufa? Nikasema ndio. Akacheka. Akasema, basi ipumzike."

Kaluki alisogeza kiti karibu naye.

"Na imekufa?"

"Hapana, madam. Iko sawa. Ni kompyuta ndio haiielewi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini vile alicheka... niliogopa." Akajipangusa kwa kiganja. "Leo asubuhi amepiga simu. Anauliza kama tumepata kompyuta ingine."

Muthoka alikaa chini.

"Kadi iko wapi?" Kaluki aliuliza.

Ilikuwa bado ndani ya droni, ndani ya mkoba wake mweusi chini ya meza. Kaluki alivaa glavu. Alimwambia Mutiso aandike saa na majina ya waliomo chumbani, kisha akaichomoa kadi ile ndogo kuliko ukucha, akaipachika kwenye adapta na kukisukuma kile kitufe cha pembeni kinachozuia kadi isiandikwe. Hakutaka wakili yeyote aje kumwuliza nani aliichezea.

Kompyuta ya Muthoka hakuigusa. Weusi aliousimulia Muthoka alikuwa ameshauona mwenyewe. Simu yake mpya ilikuwa na tabia hiyo hiyo: kila alichorekodi nayo, kompyuta ya ofisini ilikionyesha kama usiku wa mawingu, na simu yenyewe ikakicheza bila taabu. Alikuwa amezoea kuitukana simu. Aliitoa mfukoni, akaiunganisha na kadi kwa kebo fupi, akanakili faili, kisha akaifungua ile nakala.

Simu iligandaganda kidogo. Halafu boma likatokea, safi, hata nyuzi za hema zilionekana.

Halikuwa na sauti. Baada ya mbuzi wa Linet, ukimya huo ulitisha. Watu walifungua vinywa wakicheka na hapakusikika kicheko. Abdishakur alikunywa chai yake kwa mkono wa kulia, akamrudishia msichana kikombe, akaingia kwenye gari lake. Getini alikata kulia. Wote wanne walikuwa wameinamia kioo kile kidogo.

"Hapa nilifuata," Muthoka alinong'ona. "Nilitaka ya kumalizia, gari ikipotea na vumbi."

Pikapu iliteremka kati ya nyua mbili za katani. Mbele yake, kwenye kona, mtu alitoka ndani ya katani akasimama katikati ya njia na kuinua mkono. Gari lilisimama. Mtu alizunguka akaenda upande wa abiria. Alikuwa amevaa kofia nyekundu.

Kabla ya kufungua mlango, aliinua uso juu. Aliitazama droni moja kwa moja, kwa muda, kama mtu anayehesabu. Halafu akaingia, na pikapu ikaendelea kuteremka kwenda kwenye dam. Picha ikageuka, ikarudi kwenye hema.

"Kwa nini ulirudi?" Kaluki aliuliza.

"Wazee waliniita. Mbuzi ilikuwa inachinjwa, walitaka niichukue vizuri." Muthoka alijishika kichwa. "Madam, mimi sikuangalia. Nilikuwa naangalia nisigonge mti."

"Kioko aliandikisha kwamba wakati huo alikuwa amemshika mbuzi miguu," Mutiso alisema.

Ni nini kilichokuwa kati ya wale wawili, Kaluki hakujua, na hakukuwa na wakati wa kujua. Alichokijua kilitosha. Kioko aliiona droni ikimwona. Alikuja studio kuyatoa macho ya droni, na kitu kimoja tu kilimdanganya: alidhani faili isiyofunguka ni faili isiyo na kitu.

"Timu iko wapi sasa?"

"Wote upande wa lami, madam. Hata wale wa Masii, kwa njia ya kwenda Mwala, tuliwaita wakaja huku."

"Wageuze. Wote. Waende kwa dam. Wachukue maji na ambulensi."

Mutiso alikuwa ameshaweka simu sikioni alipomwona inspekta amesimama wima, mkono mdomoni.

Sucdi alikuwa ameyasema. Asubuhi, kwa sauti, mbele ya Kioko, alikuwa ametaja mkono. Kati ya watu wote walioitazama video ile, yeye peke yake ndiye aliyeiona imegeuzwa, hata kama hakujua alichokiona. Na Kioko alikuwa nyuma ya kiti chake, mahali pale pale alipopenda kusimama.

"Mutiso. Mama yuko na nani?"

Mutiso aliifunika simu kwa kiganja. Hofu ilikuwa imemfika hata yeye. "Si tuliwaacha wakitoka pamoja, madam? Kioko alisema atampeleka Syokimau kwa dadake, kwa watoto. Wewe mwenyewe ulimwambia aende apumzike."

Alikuwa amemwambia hivyo. Alikuwa amemshika mkono akamfungulia mlango wa Probox ya Kioko, akamfungia.

Alipiga namba ya Sucdi. Iliita, ikaita, na kwa kila mlio Kaluki alijiambia kwamba akishika tu, akishika tu. Dirishani jua la alasiri lilikuwa linashuka upande wa Nairobi. Anayetoka Machakos kwenda Syokimau saa hizi, jua humwingia machoni njia nzima.

"Inspekta?" Sauti ya Sucdi ilikuwa ya mtu aliyekuwa amesinzia. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa gari. "Mmempata?"

"Bado, mama. Nisikilize. Nijibu kama vile nakuuliza habari ya watoto. Kioko yuko karibu?"

"Ndio, wako sawa."

Kaluki alifumba macho. Mwanamke huyu hakuwa amechoka hata kidogo.

"Jua linakupiga machoni?"

Sucdi alijibu polepole, kwa sauti ile ile ya kawaida iliyoanza kuharibika chini chini: "Hapana. Liko nyuma. Kioko anasema kuna mzigo wake anapitia kwanza."

"Usibadilishe sauti. Mwambie alasiri imeingia, unataka kuswali. Akusimamishe msikiti wa Masii, pale sokoni. Ukiingia ndani usitoke, hata akuite vipi. Ninakuja. Usikate simu, iweke tu kwa paja."

Hakusikia jibu. Alisikia nguo ikisugua simu, na mawe madogo yakirukia bodi la gari kutoka chini. Alikuwa ameanza kushuka ngazi, Mutiso mbele yake na funguo, mkono mmoja ukiwa umeziba kipaza sauti ili asisikike akihema. Mawe. Kutoka Machakos hadi Masii ni lami tupu.

"Kioko," Sucdi alisema, mbali kidogo na simu. "Alasiri imeingia. Nishushe hapo Masii msikitini, niswali."

Kioko alimjibu kwa upole, kama alivyozungumza kila siku.

"Masii tumeshapita, mama. Lakini usijali. Huko mbele kwa dam kuna maji mingi ya kutawadha."